Kuhesabu jamii za wachache: njia nne za serikali na namna ya kuchagua

Kila nchi inapojiandaa kwa sensa, hoja ileile huzuka upya: je, mwananchi aulizwe kabila lake au asiulizwe? Upande mmoja husema jamii isiyomo kwenye takwimu haipangiwi shule, zahanati wala kiti bungeni. Upande wa pili hujibu kwamba orodha ya nani ni nani ikishaandikwa, hakuna ajuaye itaishia mikononi mwa nani. Pande zote mbili zina mifano ya kweli, tena mizito, na ndiyo maana wengi wanaotakiwa kutoa msimamo hubaki njia panda.

Makala haya ni kwa ajili yao: kiongozi wa jamii aliyealikwa kutoa maoni juu ya muswada, ofisa anayeandaa dodoso, mbunge, mwanaharakati, mwanafunzi wa takwimu. Nitalinganisha njia nne: swali la kabila ndani ya sensa, uchunguzi wa sampuli (yaani kuhoji watu wachache waliochaguliwa kuwakilisha wengi), kumbukumbu za ofisi kama vitambulisho na mafaili ya hospitali, na kutouliza kabila kabisa huku serikali ikitegemea viashiria vingine. Serikali nyingi huchanganya mbili au tatu, lakini ni vyema kuielewa kila moja peke yake kwanza.

## Vigezo

Vigezo ni vitano, na vinatumika kwa kila njia. Cha kwanza ni kinachoonekana: takwimu zinashuka hadi ngazi gani, na je, zinaweza kuiona jamii ya watu mia chache? Cha pili ni nani anataja jina la jamii. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi ilishatoa msimamo mwaka 1990 kwamba, pasipo sababu ya msingi ya kufanya vinginevyo, mtu ajitambulishe mwenyewe. Cha tatu ni hatari: je, jibu linaweza kufuatwa hadi kwa mtu au kaya fulani? Cha nne ni gharama na muda, na cha tano ni inamfaa nani.

Sijavipa uzito sawa. Dodoso baya hurekebishwa sensa inayofuata, na fedha zikipotea hutafutwa nyingine. Lakini kabila la mtu likishaunganishwa na jina lake, kisha faili likavuja au likatumiwa vibaya, hakuna marekebisho yatakayomsaidia aliyedhurika. Kwa hiyo kigezo cha tatu kimeniongoza kuliko vingine. Asiyekubaliana nami anaweza kuvipanga upya na bado akanufaika na yaliyo hapa chini.

## Njia ya kwanza: swali ndani ya sensa

Kinachoonekana. Hii ndiyo njia pekee inayoweza kuiona jamii ndogo sana. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na ndani yao Wadahalo 575 na Waelmolo 1,104. Hakuna sampuli, hata iwe kubwa namna gani, ambayo ingewakuta watu 575 na kueleza chochote cha maana kuhusu elimu au maji yao.

Brazili inatoa mfano mwingine. Wakilombola, wazao wa Waafrika waliotoroka utumwa na kuanzisha vijiji vyao, walitambuliwa haki ya ardhi katika katiba ya 1988. Lakini sensa ya kwanza kuwahesabu kwa jina lao ilikuja mwaka 2022, ikapata watu wapatao milioni 1.3. Kwa zaidi ya miaka thelathini walidai haki iliyoandikwa kwenye katiba bila serikali kuwa na idadi yao.

Faida nyingine huonekana baadaye, pale majibu ya sensa yanapounganishwa na takwimu nyingine. Uingereza ilianza kuuliza asili ya mtu katika sensa ya 1991. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, usajili wa vifo nchini humo haukuwa na sehemu ya asili ya marehemu. Ofisi ya takwimu ikaunganisha vifo hivyo na majibu ya sensa ya 2011, na kufikia Mei 2020 ikaonyesha kwamba watu weusi walikuwa wakifa kwa kiwango cha juu zaidi kuliko weupe, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na hali za maisha. Swali lililojibiwa miaka tisa nyuma ndilo lililowezesha jambo hilo kujulikana ndani ya miezi michache.

Lakini sensa hukosa watu, na mara nyingi hukosa hao hao wachache. Sensa ya Kolombia ya 2005 ilihesabu watu wenye asili ya Afrika milioni 4.3, ile ya 2018 ikapata takribani milioni 3, kana kwamba zaidi ya watu milioni moja wametoweka. Jambo hilo lilifika Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2022 iliamua kwamba haki za jamii hiyo zilikiukwa. New Zealand, kwa upande wake, iliendesha sensa ya 2018 kwa kutegemea intaneti zaidi kuliko zamani. Walioitikia kwa ujumla walikuwa asilimia 83, ilhali kwa Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, walikuwa asilimia 68 tu. Takwimu za koo za Kimaori zikaonekana dhaifu mno kutolewa kama takwimu rasmi. Katika nchi zote mbili swali la asili lilikuwepo kwenye dodoso. Kilichopungua ni hodi mlangoni.

Nani anataja jina. Kikanuni ni mtu mwenyewe. Kiutendaji kuna karani, kishikwambi na orodha ya misimbo, yaani alama inayosimama badala ya jina la kila jamii. Mwenye kaya anataja jina la jamii yake. Karani anatafuta kwenye orodha, halioni, anabonyeza "Wengineo", anaendelea na swali la umri. Jambo hilo halichukui hata nusu dakika, na jamii nzima huweza kufutika kwa namna hiyo kaya moja baada ya nyingine. Ongeza kwamba mara nyingi mtu mmoja huwajibia wote walio ndani ya nyumba: mke, wazazi wake wazee, kijana aliye shuleni. Mtoto wa baba wa jamii moja na mama wa jamii nyingine hupewa msimbo mmoja, kwa kawaida wa baba. Marekani iliruhusu kuchagua zaidi ya asili moja kuanzia sensa ya 2000, lakini dodoso nyingi duniani bado zina nafasi ya jibu moja tu.

Orodha ikiwa mikononi mwa serikali yenye nia mbaya, huwa silaha. Sensa ya Myanmar ya 2014 iliongozwa na orodha rasmi ya makabila 135. Warohingya hawakuwemo, na waliojitambulisha hivyo hawakuandikwa. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.09 katika jimbo la Rakhine hawakuhesabiwa. Nao mfano wa heri upo: nchini Uingereza, kisanduku cha Wajipsi na Wasafiri wa Kiayalandi kiliongezwa mwaka 2011, na cha Waroma (jamii ya wachache iliyotawanyika Ulaya, si wakazi wa jiji la Roma) mwaka 2021. Sensa hiyo ya 2021 ikapata Waroma wapatao 101,000 Uingereza na Wales.

Hatari. Sheria za takwimu hulinda majibu, na katika nchi nyingi karani anayevujisha taarifa anaweza kufungwa. Ulinzi huo ni wa kweli, ila sheria hutenguliwa na sheria nyingine. Mwaka 1942 Marekani ilipoanza kuwahamisha kwa nguvu watu wenye asili ya Japani wapatao 120,000, Ofisi ya Sensa ilitoa takwimu za maeneo madogo kutoka sensa ya 1940 zilizoonyesha wanaishi mitaa gani. Sheria ya vita ya mwaka huohuo ilikuwa imelegeza usiri, na mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba hata majina ya baadhi yao yalitolewa. Mkurugenzi wa ofisi hiyo, Kenneth Prewitt, alikuwa ameomba radhi hadharani mwaka 2000.

Kuna hatari ndogo zaidi ambayo haizungumzwi vya kutosha. Chukua jedwali la kata moja: mstari wa jamii fulani unaonyesha kaya 2, na safu ya pembeni inaonyesha kwamba 1 kati yake inaongozwa na mwanamke asiye na choo. Hakuna jina lililoandikwa, lakini kijiji kizima kinajua ni nani. Ofisi makini hufuta au huunganisha visanduku vyenye idadi ndogo kabla ya kuchapisha. Ukialikwa kutoa maoni, uliza kiwango hicho ni kipi.

Halafu kuna siasa. Kenya haikuchapisha takwimu za makabila za sensa ya 1999, na mwaka 2010 waziri alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini yaliyotokana na sensa ya 2009. Idadi inapogeuka kuwa hoja ya kugawana viti na fedha, kila jamii hupata sababu ya kutaka ionekane kubwa.

Gharama na muda. Operesheni nzima ni ghali na hurudi baada ya miaka kumi hivi. Swali moja zaidi haliongezi gharama sana. Gharama iko kwenye maandalizi, yaani kuwafundisha makarani, kuajiri wanaozungumza lugha ya mahali, na kukubaliana majina ya orodha.

Inamfaa nani. Jamii ndogo au iliyotawanyika inayodai kitu kinachogawanywa kwa idadi au kwa eneo, katika nchi ambayo ofisi ya takwimu inaaminika.

## Njia ya pili: uchunguzi wa sampuli

Kinachoonekana. Kina, si upana. Mhojaji hukaa na mtu muda mrefu, akauliza kuhusu kazi alizonyimwa, nyumba aliyokataliwa, lugha anayozungumza na watoto wake. Ufaransa ni mfano mzuri kwa sababu huko sheria ya Januari 1978 inazuia kuchakata taarifa za asili ya kikabila, isipokuwa kwa masharti, na mwaka 2007 Baraza la Katiba lilisisitiza kwamba tafiti zisijengwe juu ya asili ya kikabila au rangi. Pamoja na hayo, taasisi mbili za umma, INED ya utafiti wa idadi ya watu na INSEE ya takwimu, ziliwahoji watu wapatao 22,000 mwaka 2008 na 2009, kisha wapatao 27,000 mwaka 2019 na 2020. Ziliuliza nchi ya kuzaliwa ya mtu na ya wazazi wake, dini, na namna walivyotendewa. Kwa maswali hayo ubaguzi ulipimika bila kuandika kabila la mtu.

Udhaifu wake ni wa hesabu. Jamii ikiwa ni mtu mmoja kati ya elfu, sampuli ya watu 10,000 itawapata kama kumi. Watu kumi hawatoshi kusema lolote kuhusu jamii nzima, na atakayesema atakuwa anabahatisha. Unaweza kuongeza sampuli makusudi katika maeneo wanakoishi, lakini lazima ujue kwanza wanaishi wapi, na mara nyingi ni sensa inayokupa jibu hilo.

Hata hivyo sampuli nzuri inaweza kuikosoa sensa. Ile ile Kolombia iliyopoteza zaidi ya watu milioni moja kwenye sensa ya 2018, ofisi yake ya takwimu ilitumia uchunguzi wa hali ya maisha wa mwaka huohuo kukadiria idadi ya watu wenye asili ya Afrika, ikapata takribani milioni 4.7.

Nani anataja jina. Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Kuna nafasi ya kuuliza unajitambulishaje, wengine wanakuonaje, na wazazi wako walijitambulishaje. Majibu hayo matatu hutofautiana mara nyingi, na tofauti hizo zenyewe ni taarifa.

Hatari. Ndogo kuliko njia nyingine zinazouliza, kwa kuwa watu ni wachache na majina huondolewa mapema. Tahadhari ni pale faili la watafiti linapokuwa na kijiji, umri, kazi na kabila kwa pamoja. Hapo mtu hutambulika hata bila jina.

Gharama na muda. Kila mahojiano ni ghali, lakini jumla ni ndogo mno ukilinganisha na sensa, na unaweza kurudia baada ya miaka mitatu au minne.

Inamfaa nani. Anayetaka kuthibitisha kwamba ubaguzi upo na kuonyesha unavyofanya kazi. Haimfai anayetaka kugawa madarasa au visima, kwa sababu haishuki hadi kijijini.

## Njia ya tatu: kumbukumbu za ofisi

Hapa naweka pamoja mambo mawili yanayofanana kwa sura tu. Moja ni kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho au daftari la usajili wa watu. Jingine ni sehemu ya kabila kwenye faili la huduma: hospitali, shule, orodha ya waajiriwa.

Kinachoonekana. Mabadiliko ya kila mwezi, na uhusiano wa moja kwa moja na huduma. Hospitali inaweza kuona kwamba akina mama wa jamii fulani hufika wakiwa wamechelewa. Tume inaweza kuona kwamba wizara imejaa watu wa upande mmoja. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sharti hilo haliwezi kukaguliwa bila mwajiri kujua makabila ya waajiriwa wake. Afrika Kusini iliifuta mwaka 1991 sheria ya kusajili watu kwa rangi iliyotungwa mwaka 1950, lakini sheria ya usawa kazini ya 1998 inawataka waajiri watoe taarifa kwa makundi yaleyale, safari hii ili kupima kama milango imefunguka.

Kisichoonekana ni wale wasiofika ofisini. Asiyetibiwa hospitali hayumo kwenye faili la hospitali, na ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Nani anataja jina. Mara nyingi ni aliye upande wa pili wa meza. Slovakia inaonyesha umbali uliopo kati ya njia hizi. Katika sensa yake ya 2011, watu wapatao 106,000 walijitambulisha kuwa Waroma. Atlasi ya mwaka 2013, iliyotegemea makadirio ya watu wanaozijua jamii hizo katika maeneo yao, ilifikisha idadi hiyo kwenye 403,000 hivi. Wengi hawakujitaja kwenye sensa kwa sababu kujitaja kuna gharama. Kwa mipango ya maji na makazi namba kubwa ilikuwa na manufaa zaidi. Lakini imetokana na mtu kutajwa na wengine, na sidhani inafaa kutumika kwa jambo lolote linalomgusa mtu mmoja mmoja.

Orodha rasmi nazo hufunga na kufungua milango. Katiba ya Uganda inaorodhesha jamii za asili: zilikuwa 56 mwaka 1995, zikawa 65 baada ya marekebisho ya 2005. Wamaragoli waishio humo hawakuwemo, na kukosa vitambulisho kumekuwa kilio chao cha miaka mingi. Nchini Kenya, Wamakonde waliishi kwa miongo bila uraia hadi walipoandamana kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016, wakaahidiwa kusajiliwa na rais, kisha wakapata vitambulisho mwaka uliofuata.

Hatari. Sitapunguza maneno hapa. Utawala wa Kibelgiji nchini Rwanda uliweka kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, nalo likabaki humo baada ya uhuru. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho kilitosha kuamua nani auawe. Uholanzi ilikuwa na madaftari ya wakazi yaliyotunzwa vizuri sana, na utawala wa Wanazi uliyatumia. Takribani robo tatu ya Wayahudi wa nchi hiyo waliuawa. Mnamo Machi 27, 1943, wapinzani wa utawala huo walivamia ofisi ya usajili ya Amsterdam na kuichoma moto ili kuharibu kadi za wakazi. Makarani waliozipanga kadi kabla ya vita hawakuwa na nia ya kuua mtu. Walikuwa wakifanya kazi yao kwa bidii.

Faili la huduma si sawa na kitambulisho, na sheria za sasa huliwekea masharti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kwa mfano, inahesabu asili ya kikabila kuwa data nyeti. Bado mtu anapaswa kuuliza: sehemu hiyo ya kabila inakaa kwenye faili moja na jina na namba ya simu, au imetenganishwa? Nani anaweza kuifungua? Inafutwa lini?

Kuna sura nyingine ya njia hii ambayo ningependa ijulikane zaidi. Norwe haiandiki Wasami, jamii ya asili ya kaskazini mwa nchi hiyo, kwenye daftari lake la wakazi. Wasami wenyewe hujiandikisha kwa hiari kwenye daftari la wapiga kura wa Bunge la Wasami, ambalo limeshavuka watu 20,000. Si idadi ya Wasami wote, wala halidai hivyo. Lakini aliyejiandikisha anajua ameandikwa kwa ajili gani.

Gharama na muda. Ni rahisi kwa sababu watu huandikwa hata hivyo. Urahisi huo ndio unaozishawishi ofisi kuongeza sehemu ya kabila kwenye fomu bila kujiuliza itawafaa nini.

Inamfaa nani. Taasisi yenye wajibu wa kisheria wa kupima usawa na yenye ulinzi wa data unaofanya kazi. Kwa kitambulisho cha taifa, sioni hali ambayo manufaa yanazidi hatari.

## Njia ya nne: kutouliza kabila

Kinachoonekana. Maeneo, lugha, mahali pa kuzaliwa, shughuli za kiuchumi. Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini Tanzania ilikuwa ya 1967. Ile ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 bila swali hilo. Naijeria nayo haikuuliza kabila wala dini mwaka 2006.

Jamii inayoishi pamoja bado huonekana kwa mbali. Takwimu za kata zilizo kando ya Ziwa Eyasi zinaweza kueleza jambo kuhusu Wahadzabe, ingawa zimewachanganya na majirani zao. Jamii iliyotawanyika mijini hupotea kabisa. Vivyo hivyo kwa Watwa wa Rwanda. Sensa ya 1991 iliwaandika kuwa asilimia 0.4. Baada ya 1994 serikali iliacha kutaja makabila, na leo huwataja kwa jumla kama watu waliotengwa kihistoria. Sababu ya kuacha inaeleweka kwa kila aliyesoma historia ya nchi hiyo. Athari yake ni kwamba haiwezekani kusema kwa namba rasmi kama watoto wa Kitwa sasa wanamaliza shule kwa wingi kuliko zamani.

Nani anataja jina. Serikali haimtaji mtu. Pengo hilo hujazwa na makadirio ya mashirika na watafiti, ambayo hunukuliwa mwaka hadi mwaka hata pale chanzo chake kisipojulikana.

Hatari. Kwa mtu binafsi ni ndogo kuliko zote. Kwa jamii, hatari ni kwamba anayebagua hahitaji takwimu ili abague, ilhali anayelalamika huambiwa alete ushahidi.

Gharama na muda. Hakuna gharama ya kuuliza. Gharama huja baadaye, kwenye tafiti ndogo ndogo za kuziba pengo.

Inamfaa nani. Nchi iliyotoka kwenye mauaji ya kikabila, au ambako watu hawaiamini serikali kiasi cha kusema ukweli. Pia nchi ambako haki imepatikana bila kusubiri idadi: katiba ya Burundi ya 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti pasipo sensa kuwahesabu kwanza.

## Kwa hali yako

Ikiwa jamii yenu ni ya watu mia au elfu chache na mnadai huduma, ardhi au uwakilishi, elekezeni nguvu kwenye sensa, na anzeni mapema, kabla dodoso halijafungwa. Ombeni rasimu ya orodha ya misimbo. Angalieni kama jina lenu limo, na kama limeandikwa mnavyojiita nyinyi au mnavyoitwa na majirani. Kama jina lina tahajia mbili au tatu, ombeni ziunganishwe chini ya msimbo mmoja, la sivyo mtatokea vipande vipande kwenye jedwali. Ombeni makarani kutoka kwenu, kisha waambieni watu wenu wazi kwamba "Wengineo" si jibu lao.

Ikiwa unachotaka kuonyesha ni ubaguzi katika ajira, nyumba au polisi, sensa haitakupa. Pigania uchunguzi wa sampuli ulioongezwa makusudi kwa jamii husika, na taarifa za waajiri zilizojumlishwa, zisizo na majina.

Ikiwa wewe ni ofisa wa hospitali au shule unayefikiria kuongeza sehemu ya kabila kwenye fomu, andika kwanza uamuzi utakaobadilika kutokana na jibu. Kama haupo, iache fomu ilivyo. Kama upo, swali liwe la hiari, lijibiwe na mhusika mwenyewe, na lihifadhiwe mbali na jina.

Ikiwa nchi imetoka kwenye umwagaji damu karibuni, tumieni maeneo na lugha, na tafiti ndogo za hiari zinazosimamiwa na taasisi iliyo nje ya wizara ya usalama. Waathirika wakisema hawako tayari kuulizwa, hilo liheshimiwe hata kama wataalamu wanatamani namba.

Ikiwa jamii yenu haina uraia, msikubali kabila lenu liandikwe popote pamoja na majina na makazi kabla ya kujua orodha hiyo inakwenda kwa nani. Karatasi hiyohiyo inaweza kutumiwa kuwapa uraia au kuwafukuza. Tafuteni wakili na uandikishaji unaotanguliwa na ahadi ya maandishi.

Na ikiwa ndani ya jamii yenyewe mmegawanyika, wengine wakitaka kuhesabiwa na wengine wakiogopa, ombeni swali la sensa lenye nafasi ya zaidi ya jibu moja na kisanduku cha "sitaki kujibu". Idadi itakayotoka itakuwa pungufu, na ofisi ya takwimu ilazimike kuandika chini ya jedwali kwamba ni pungufu na kwa nini.